Jioni ya mtoto wa darasa la kwanza na la pili: mtu wa nyumbani, tuisheni, au simu na televisheni?

Ikifika mwezi wa tano au wa sita, mzazi wa mtoto wa darasa la kwanza huanza kuhangaika. Wa jirani anasoma mabango ya barabarani, wa kwake bado anaimba "ba be bi bo bu". Nyumba ya tatu kuna mwalimu anayefundisha watoto barazani jioni. Simu ipo, na ndani ya simu kuna katuni za herufi. Nyumbani yupo bibi, au kaka wa darasa la sita, au mzazi mwenyewe akirudi kazini. Ashike ipi?

Tunaziweka njia hizi tatu kwenye mizani moja. Hakuna inayomfaa kila mtoto, na familia nyingi huzichanganya. Lakini ukichagua kabla ya kujua mtoto amekwama ngazi gani, unaweza kumaliza muhula mzima ukilipia kitu ambacho hakikuwa shida yake. Kwa hiyo tuanze na ngazi zenyewe.

## Darasani anajifunza nini hasa

Tanzania, tangu mtaala wa 2015, darasa la kwanza na la pili yamejengwa juu ya KKK: Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Mtaala mpya ulioanza kutumika darasa la kwanza Januari 2024 umeiacha KKK mahali pake na kuleta Kiingereza tangu mwaka huo wa kwanza. Kenya, chini ya mtaala wa umilisi ulioanza 2019, kazi hiyo iko Gredi ya 1 hadi ya 3, na mtoto anabeba Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja. Majina yanatofautiana, ngazi za kupanda ni zile zile.

Katika kusoma, mwalimu anaanza na sauti ya herufi, jina lake linakuja baadaye. Herufi m ni "mmm", s ni "sss". Sababu ni rahisi: mtoto anayeunganisha "mmm" na "a" anapata "ma", lakini anayeunganisha "em" na "a" anapata "ema", na hapo anabaki ameduwaa. Zinatangulia irabu tano, zinafuata konsonanti, kisha silabi za herufi mbili. Konsonanti za herufi moja ni 18 (c haisimami peke yake), kwa hiyo silabi hizo ni kama 90. Akizishika, anasoma kuku, meza, kalamu na sabuni bila msaada wa mtu.

Kisha zinakuja ch, sh, ny, th, dh, gh, kh na ng', halafu mb, nd, nj, nz, kw, mw na wenzake. Hapa ndipo wengi wanapokwama, na mara nyingi kinachowakwamisha ni m. Kwenye "mtoto", m ni silabi nzima: m-to-to. Kwenye "mbuzi", m imeshikana na b: mbu-zi. Mtoto ambaye hakuonyeshwa tofauti hiyo husoma "mutoto", au hutenganisha "m-buzi" mpaka neno linapotea maana. Vivyo hivyo ng'ombe na ngoma: kile kialama (') juu ya herufi kinabadilisha sauti yote, na asiyekiona husoma "ngombe".

Kuandika kunakwenda sambamba: kushika penseli kwa vidole vitatu, kukaa juu ya mstari, kunakili, kisha imla. Kugeuza b kuwa d ni jambo la kawaida umri huu, wala halihitaji kelele.

Kuhesabu kunaanza na namba 0 hadi 9, kisha makumi na mamoja, na darasa la pili wanaingia mamia. Kosa linalojirudia kuliko yote ni hili: 27 + 15 = 312. Mtoto amejumlisha 7 na 5 akapata 12, akaiandika yote chini ya mamoja, kisha 2 na 1 akapata 3. Anajua kujumlisha vizuri tu. Asichokijua ni kwamba mamoja kumi yanafungwa kuwa kumi moja na kuhamia nyumba ya pili. Kosa la pili ni 42 − 17 = 35: ameona 2 haitoshi kutoa 7, akageuza, akatoa 2 kwenye 7. La tatu liko kwenye kuandika: ukimwambia mia mbili na tano, anaandika 2005, kwa sababu ameandika mia mbili kama anavyoijua, akaongeza tano mbele yake.

## Mpime kabla ya kuchagua

Chukua karatasi na dakika kumi, mtoto akiwa ameshakula na hana usingizi. Andika kwa maandishi makubwa yanayosomeka, ukienda ngazi kwa ngazi. Ngazi hizi ndizo, kwa sura moja au nyingine, zinazotumika pia kwenye tathmini za Uwezo, mpango unaopima watoto kusoma na kuhesabu hapa Afrika Mashariki: silabi, neno, aya, hadithi.

Silabi: ke, bu, so, mi, ta, lo, pe, zu, ha, ni. Zimechanganywa makusudi. Mtoto aliyekariri wimbo wa "ba be bi bo bu" atalazimika kuuimba kutoka mwanzo ili afike kwenye bu, na hapo utamjua.

Maneno: kiti, sabuni, mtoto, mbuzi, chaki, nyoka, mwezi.

Aya: "Juma ana mbuzi. Mbuzi amekula mboga za bibi. Bibi amekasirika. Juma amemfunga mbuzi." Kisha funika karatasi, muulize: kwa nini bibi amekasirika? Mtoto anayesoma neno moja moja kwa taabu hufika mwisho akiwa amesahau mwanzo, na swali hilo litamshinda hata kama ametamka kila neno sawasawa. Akipita hapo, mpe hadithi fupi ya kitabu asichokijua.

Hesabu: 8 + 5, 27 + 15, 42 − 17, na umtajie mia mbili na tano aandike.

Usimsaidie, usimkaripie. Andika tu alipoanza kukwama. Anayekwama kwenye silabi na anayekwama kwenye maana ya aya wanahitaji vitu viwili tofauti kabisa, na ndiyo maana njia iliyomtoa wa jirani inaweza isimsaidie wako.

## Vigezo tunavyolinganishia

Cha kwanza ni kuendana na darasa: je, jioni anafundishwa kwa namna ile ile ya mwalimu wake wa asubuhi? Cha pili ni dakika ambazo mtoto mwenyewe anafungua mdomo na kusoma, au anashika penseli na kukokotoa. Hiki tunakipa uzito mkubwa. Darasa la watoto 80 na kipindi cha dakika 30 likigawanywa sawasawa linampa kila mtoto chini ya nusu dakika ya kusoma kwa sauti, na jioni kazi yake kuu ni kuziba pengo hilo. Cha tatu ni nani anayesikia kosa na kulirekebisha papo hapo. Cha nne ni gharama na vifaa. Tunamalizia kila njia na mahali inapoharibikia, kisha nani inamfaa.

## Njia ya kwanza: mtu wa nyumbani

Kuendana na darasa. Daftari la mtoto ndilo mwongozo. Lifungue kila siku, uone leo wamefundishwa silabi gani, uzifuate hizo hizo kwa mpangilio wa mwalimu. Tatizo kubwa la nyumbani ni kwamba watu wazima wengi walifundishwa majina ya herufi, na ndiyo wanayoyarudisha: "be na a, ba". Mchanganyiko unazidi pale mtoto anapofundishwa kwanza alfabeti ya Kiingereza. Jina la Kiingereza la herufi e linasikika kama irabu i ya Kiswahili, na la i linasikika "ai". Mtoto akiambiwa asome "kiti" anajiuliza ni i ipi. Mtamkie sauti tu mpaka silabi zikae, majina yatafuata.

Vitabu vya kiada katika shule nyingi hubaki shuleni. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ambako vitabu vyake vinasomwa bure, kwa hiyo mwenye simu anaweza kufungua ukurasa ule ule uliosomwa asubuhi.

Dakika za mtoto. Hapa njia hii haina mshindani. Dakika 20 za mtoto mmoja na mtu mzima mmoja, siku tano za wiki, ni dakika 100 ambazo karibu zote ni zake. Mgawanyo unaofanya kazi: dakika 3 kurudia silabi za jana, 7 kusoma kwa sauti, 5 imla ya maneno matano, 5 hesabu. Zikiisha, acha, hata kama anataka kuendelea. Kesho atakuja bila kuvutwa.

Nani anasahihisha. Unakaa pembeni yake, kidole chake kiko chini ya neno. Akikwama, hesabu kimya moja, mbili, tatu kabla ya kusema kitu. Kisha mwonyeshe silabi iliyomshinda, usimtajie neno zima. Akishaipata, arudie sentensi yote tangu mwanzo, maana bila kurudia anabaki na neno lililosahihishwa na sentensi asiyoielewa. Kama katika maneno kumi anakosea zaidi ya mawili, kitabu hicho ni kizito kwake, shuka ngazi moja.

Tofautisha kosa la kusoma na lafudhi ya nyumbani. Mtoto anayesema "kurara" akiona "kulala", au "zambi" akiona "dhambi", pengine amesoma herufi sawasawa na kuzitamka kama watu wa kwao wanavyotamka. Mrekebishe polepole, lakini usiseme hajui kusoma.

Gharama na vifaa. Boksi la biskuti lililokatwa kadi za ukubwa wa kiganja, na kalamu ya wino mzito. Kadi 23 zinatosha kuanzia: irabu 5 na konsonanti 18. Ziandike kwa rangi mbili, irabu rangi yake. Mtoto anaziweka pamoja mezani mwenyewe, anasoma, anabadilisha moja, anasoma tena: ma, ta, ti, mi. Baadaye ongeza kadi 8 za ch, dh, gh, kh, ng', ny, sh na th.

Kwa hesabu, tafuta vijiti 100 vya urefu sawa na mipira ya kufungia. Ile 27 + 15 iliyoshindikana kwenye daftari, ifanyeni kwa mikono. Aweke mafungu mawili ya kumi na vijiti saba. Chini yake fungu moja na vijiti vitano. Akusanye vijiti vya mamoja, ahesabu 12. Sasa mwambie afunge kumi kwa mpira. Vimebaki viwili, na fungu jipya analihamishia kwa wenzake: matatu yamekuwa manne. Ndipo aandike 42. Arudie hivyo kwa hesabu tano au sita za siku tofauti kabla ya kurudi kwenye penseli peke yake. Kwa 42 − 17 anafanya kinyume: anafungua fungu moja, anapata vijiti 12, anatoa 7.

Panapoharibikia. Hasira, kwanza kabisa. Mtu mzima aliyechoka anapandisha sauti, mtoto anaanza kukisia akimtazama usoni badala ya kutazama karatasi. Ukiona anakutazama wewe, simamisha somo. Pili, kazi ya nyumbani inafanywa na kaka ili waende kucheza: daftari linarudi shuleni limejaa vema, na mwalimu anaamini mtoto ameelewa. Tatu, saa. Kipindi kinachoanza saa tatu usiku ni cha kusinzia. Jioni kabla ya chakula, au asubuhi ya Jumamosi, panafaa zaidi. Nne, dada wa kazi anayeambiwa tu "msimamie", bila kuelezwa asimamie nini, atahakikisha kazi imeandikwa, na huwezi kumlaumu.

Inamfaa nani. Mtoto aliye ngazi ya silabi na maneno, anayehitaji marudio mengi mafupi. Na familia yenye mtu mmoja, hata kijana wa darasa la sita mwenye subira, anayeweza kukaa chini kwa dakika 20 bila kukosa. Mzazi asiyejua kusoma hayuko nje ya njia hii, tutamrudia.

## Njia ya pili: tuisheni

Kuendana na darasa. Mwalimu mzuri wa tuisheni anajua mtaala, anajua silabi zipi zinafuata zipi, na ameshawaona watoto wengi wakikwama pale pale. Hilo ni jambo ambalo nyumba nyingi hazina. Lakini kuna tuisheni zinazokimbia mbele ya darasa ili mzazi aone mtoto "ameshafika darasa la tatu". Mtoto anakuwa na daftari lenye sentensi ndefu alizonakili ubaoni, asizoweza kuzisoma. Kipimo chake ni chepesi: fungua daftari la tuisheni katikati, mwambie akusomee alichoandika kwa mkono wake.

Pale mwalimu wa darasa ndiye pia wa tuisheni, kuna faida na kuna tatizo. Anamjua mtoto, hapotezi wiki mbili kumtafuta alipo. Ila mzazi asije akaingia kwa kuogopa kwamba asipolipa mtoto atasahauliwa asubuhi. Ukisikia harufu hiyo, zungumza na mwalimu mkuu. Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imepiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo, kwa hiyo likizo isiwe kwenye hesabu zako.

Dakika za mtoto. Uliza wako wangapi. Watoto 20 kwa saa moja ni dakika 3 kila mmoja, hata mwalimu asipofanya lolote jingine. Watoto 6 ni dakika 10. Tofauti hiyo inazidi thamani ya ubao mpya na madawati. Uliza pia kama wamechanganywa: chekechea, darasa la kwanza na la nne barazani pamoja maana yake wa darasa la kwanza atanakili huku mwalimu akishughulika na wakubwa. Mwalimu anayewagawa kwa ngazi badala ya darasa, wa silabi pamoja, wa aya pamoja, anajua anachokifanya.

Nani anasahihisha. Mtu aliyesomea kazi hiyo, na hapa ndipo pesa yako inapopata maana, hasa kwenye makosa yenye mzizi, kama ile 312. Wazazi wengi wanaona jibu si sahihi; mwalimu anaona kwa nini. Lakini katika kundi kubwa kosa linasahihishwa kwa kalamu nyekundu baada ya kipindi, mtoto ameshaondoka nalo kichwani.

Gharama na vifaa. Ada inatofautiana mtaa hadi mtaa, ya siku au ya mwezi. Ongeza isiyoandikwa: daftari la pili, nauli au mtu wa kumfuata, na chakula cha mtoto anayetoka shule moja kwa moja. Barabara jioni, magari na giza linaloingia ghafla ni sehemu ya gharama. Mtoto wa miaka saba asirudi peke yake.

Panapoharibikia. Uchovu. Aliyeamka alfajiri, akakaa darasani mpaka mchana, na kuongezwa saa mbili jioni, hana kichwa cha kupokea silabi mpya. Siku tatu za saa moja humfanyia zaidi ya siku tano za saa mbili. Pia tuisheni humfanya mzazi aache kufungua daftari, akiamini kazi inafanyika. Kila Ijumaa mwombe mwalimu amsikilize mtoto akisoma mbele yako kwa dakika mbili. Asiyetaka ameshakujibu.

Inamfaa nani. Mtoto wa darasa la pili aliyebaki nyuma ngazi mbili au zaidi. Mtoto ambaye akisoma na mama yake wanaishia kulia wote wawili. Na nyumba ambayo watu wazima wote wanarudi usiku.

## Njia ya tatu: simu, televisheni na redio

Kuendana na darasa. Vipindi vya Kiswahili vilivyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa huku vipo. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam hutengeneza Akili and Me kwa watoto wa miaka 3 hadi 6, na Ubongo Kids kwa wa miaka 7 hadi 14. Mtoto wa darasa la kwanza anakaa mpakani: cha kwanza kinamfaa kwa herufi, sauti na namba, cha pili kinamfaa akishaweza kufuata hesabu na sayansi ndani ya kisa. Katuni za alfabeti za kigeni zinazojaa mtandaoni zinamfundisha majina ya Kiingereza ya herufi, na tumeshaona yanavyogongana na silabi. Weka hizo kando mpaka asome Kiswahili kwanza, isipokuwa kama shule yake inafundisha kwa Kiingereza.

Dakika za mtoto. Televisheni na redio humpa dakika nyingi za kusikiliza na chache mno za kusoma. Programu ya simu anayoigusa kwa kidole inampa zaidi, kwa sababu inamngoja ajibu. Ushahidi wa karibu nasi ni shindano la Global Learning XPRIZE: kuanzia mwishoni mwa 2017, kwa miezi 15, watoto wa vijiji kama 170 vya mkoa wa Tanga walipewa tableti zenye programu za Kiswahili, bila mwalimu. Mwanzoni zaidi ya 9 kati ya 10 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Timu za onebillion na Kitkit School ziligawana ushindi Mei 2019. Kwa hiyo programu inaweza kufundisha kusoma. Na kwa hiyo pia wengi walibaki wakihitaji mtu.

Nani anasahihisha. Programu nzuri inasahihisha anachogusa, hata akikosea mara nyingi kiasi gani, bila kuchoka wala kukasirika. Mtoto mwenye aibu hupumua hapo. Lakini programu nyingi haziwezi kumsikia anaposoma kwa mdomo, na "mutoto" yake itapita salama.

Simu ina matumizi mengine ambayo wengi hawayafikirii: kurekodi. Baba aliye safarini anatumiwa ujumbe wa sauti wa mtoto akisoma sentensi tano, anasikiliza, anajibu: "sentensi ya tatu, rudia lile neno la pili." Hiyo ni dakika moja ya mzazi, na mtoto hujiandaa mara tatu kabla ya kurekodi.

Gharama na vifaa. Bando ndilo linalokula pesa, hasa video. Tafuta programu inayofanya kazi bila intaneti ikishapakuliwa, au pakua vipindi mara moja mahali penye waifai. Redio inabaki ya bei nafuu kuliko zote.

Panapoharibikia. Tableti za Tanga ziliandaliwa kwa kujifunzia. Simu ya mzazi ina kila kitu, na mtoto wa miaka sita anajua njia ya kufika kwenye michezo. Zima data kabla hujampa, weka kengele ya dakika 20, na akae sebuleni anakoonekana. Dosari nyingine ni ya ndani zaidi: mtoto anajifunza kukisia kwa picha na rangi, anashinda ngazi zote za mchezo, na ukimwandikia neno lile lile kwenye karatasi nyeupe halimjii. Mara moja kwa wiki chukua maneno matano aliyoyashinda kwenye simu, yaandike kwa kalamu, asome.

Inamfaa nani. Mtoto anayehitaji marudio mengi ya silabi au ya kujumlisha, anayeogopa kukosea mbele ya watu. Na yule ambaye Kiswahili ni kigeni nyumbani, kwa maana anakisikia kikitamkwa vizuri. Kama chakula chake cha jioni chote cha kujifunza, haitoshi.

## Kwa hali yako

*Darasa la kwanza, bado silabi hazijakaa.* Kadi 23 na dakika 20 za nyumbani zitamtosha kwa miezi miwili kabla ya kufikiria kulipa mtu. Programu ya simu mara mbili kwa wiki ni nyongeza nzuri. Mpime tena kwa silabi mpya zilizochanganywa.

*Darasa la pili, silabi bado.* Usingoje. Zungumza na mwalimu wa darasa umwonyeshe karatasi ya kipimo, kisha tafuta tuisheni ya watoto wachache wanaogawanywa kwa ngazi. Mwambie mwalimu waziwazi: nataka arudi kwenye silabi. Nyumbani endelea na kadi. Akilipiwa saa tatu kwa wiki na nyumbani asisome, atapanda polepole.

*Anasoma maneno yote, haelewi aya.* Tuisheni haina haraka hapa. Anahitaji kusoma hadithi fupi nyingi na kuulizwa nani, wapi, kwa nini. Bibi anayeuliza "kisha ikawaje?" anafanya kazi hiyo hiyo.

*Anasoma vizuri, hesabu zinamshinda.* Angalia aina ya kosa. Likiwa 312 au 35, vijiti na mipira. Likiwa 8 + 5 kwa vidole kila mara, programu ya simu ya marudio inamfaa.

*Mzazi hajui kusoma.* Keti naye hata hivyo. Asome kwa sauti kidole kikiwa chini ya neno. Akisimama kila neno, bado ngazi hiyo haijakaa. Mwulize habari ya alichosoma. Hesabu za kichwa unazijua: "Nimeuza nyanya za 700, mteja kanipa 1,000, nimrudishie ngapi?" Kwa kusahihisha herufi, tafuta kaka, jirani, au tuisheni ya siku mbili.

*Shule inafundisha kwa Kiingereza.* Uliza mwalimu wanaanza na sauti zipi za herufi, ufuate hizo kwenye vitabu vya Kiingereza. Kiswahili kifundishwe wakati mwingine wa siku, kwa kadi zake, ili e na i zisichanganyike.

*Nyumbani mnaongea Kisukuma, Kigogo au lugha nyingine.* Kabla ya kusoma sentensi, mweleze maneno magumu kwa lugha ya nyumbani. Redio na vipindi vya Kiswahili vinamjengea sikio. Tuisheni ya kunakili haitamsaidia kitu.

*Umejaribu muhula mzima, hakuna kinachosogea.* Mtazame anavyosoma. Anayesogeza kitabu karibu na pua, anayefumba jicho moja, anayenakili vibaya ubaoni lakini vizuri kutoka kwenye daftari, apimwe macho. Anayekuomba urudie kila mara, au anayechanganya "pa" na "ba" kwa kusikia wakati kwa macho anazitambua, apimwe masikio, hasa kama aliwahi kutokwa na usaha. Fanya hivyo kabla ya kubadilisha mwalimu, na umjulishe mwalimu wa darasa amketishe mbele wakati mkisubiri majibu.